Mvumo kwenye mahubiri: Kabla kijana wako hajagusa waya wa ethi

Jumapili saa nane mchana, vyombo vya chakula vikiwa bado mezani, bibi alipelekewa simu kitandani. Tangu avunjike nyonga, huu mwezi wa nne, hajakanyaga kanisani. Kilichombakia ni mahubiri ya kwenye simu, ambayo mjukuu wake huyarekodi kila wiki kwa kompyuta ya kanisa na kuyatuma kwa WhatsApp.

Alisikiliza kama dakika mbili, kisha akaiondoa simu sikioni.

“Mume wangu,” alimwita mjukuu kwa utani wao wa siku zote, “hivi siku hizi mchungaji anahubiri ndani ya mashine ya kusaga?”

Nyumba nzima ilicheka. Kijana hakucheka. Ana miaka 18, amemaliza shule na anasubiri kwenda chuo. Kazi ya mitambo katika kanisa lao, pembezoni mwa mji wa Morogoro, ndiyo kazi ya kwanza ya watu wazima kukabidhiwa. Kwenye rekodi yake sauti ya mchungaji ilikuwepo. Lakini nyuma yake, kuanzia sala ya kufungua hadi amina ya mwisho, kulikuwa na mvumo mmoja usiopumua: mmmmmm.

Alishajaribu alichokijua. Alipunguza sauti kwenye kompyuta. Mvumo ukapungua na mahubiri nayo yakapungua. Akaongeza, vyote viwili vikapanda pamoja. Cha ajabu, waumini waliokaa kanisani hawakusikia kitu. Spika zilikuwa safi. Mvumo ulikuwa kwenye kompyuta peke yake.

Mama yake alidhani kompyuta imezeeka. Mzee mmoja wa kanisa alidhani kijana hajui kazi. Rafiki yake wa kwaya ndiye aliyempa dawa ya haraka: “Fungua plagi ya miksa, chomoa ule waya wa rangi ya kijani na njano. Mvumo unakata papo hapo.”

Rafiki hakusema uongo. Mvumo ungeweza kukata kweli. Na hapo ndipo hatari yote ilipo.

Mvumo unatoka wapi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, hauendi upande mmoja kama wa betri. Hugeuza mwelekeo na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Mtetemo huo ukipata njia ya kuingia kwenye waya wa sauti, sikio huusikia kama mvumo mzito, chini hata ya sauti za kawaida za besi wa kwaya. Mara nyingi huandamana na wenzake wa juu zaidi, wa mitetemo 100 na 150 kwa sekunde.

Swali ni moja: uliingiaje?

Kwenye kanisa hilo miksa ilikuwa mbele, karibu na madhabahu, imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa mbele. Kompyuta mpakato ilikuwa nyuma, karibu na mlango, chaja yake imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa nyuma. Kati yao ulipita waya mwembamba wa sauti, mrefu kama urefu wa kanisa.

Miksa ina waya wa ethi kwenye plagi yake. Chaja ya kompyuta ile, ya pini tatu, nayo ina wa kwake. Ethi hizo mbili zinakutana mbali, kwenye ubao wa umeme wa jengo. Waya wa sauti ulipounganisha miksa na kompyuta, nao ukaziunganisha ethi hizo kwa mara ya pili. Likawa duara kamili.

Fikiria matenki mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba. Maji yakiwa kimo kimoja, bomba limetulia. Tenki moja likizidi jingine hata kidogo, maji yanatembea ndani ya bomba. Ndivyo ilivyo kwa soketi mbili zilizo mbalimbali. Ethi zake hazilingani sawasawa, na ile tofauti ndogo inatembea ndani ya waya wa sauti. Haiunguzi kitu wala haishtui mtu. Lakini kompyuta, ambayo kazi yake ni kusikiliza vitu vidogo, inaisikia na kuirekodi.

Kwa hiyo kompyuta haikuwa imezeeka, na kijana hakuwa mzembe. Vifaa vyote vilikuwa vizima. Kilichokosewa ni njia vilivyounganishwa.

Waya usioonekana kufanya kazi

Ukifungua plagi ya pini tatu, utakuta nyaya tatu. Wa kahawia unaleta umeme, wa bluu unaurudisha. Wa tatu, wenye mistari ya kijani na njano, kwa kawaida haupitishi chochote. Unakaa miaka mingi bila kazi, na ndiyo maana watu wengi hudhani hauna maana.

Kazi yake ni ya siku moja tu. Ni siku ambayo waya wa umeme umechubuka ndani ya miksa au amplifaya na kugusa bodi ya chuma. Kama ethi ipo, umeme unakimbilia ardhini kwa nguvu, fyuzi inaungua na mtambo unazima. Watu watalalamika kwamba ibada imekatika. Basi.

Kama ethi haipo, fyuzi haiungui. Mtambo unaendelea kufanya kazi kama kawaida, sauti safi bila mvumo, huku bodi yake ya chuma ikiwa na umeme. Umeme huo unaweza kupita kwenye waya wa maikrofoni hadi kwenye mkono wa anayeishika. Anayefuata kuishika anaweza kuwa mchungaji, mama wa kwaya au mtoto wa Sunday school anayekwenda kusema shairi.

Haya si ya kubuni. Mei 1972, mpiga gitaa wa Scotland, Les Harvey, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Oktoba 30, 2005, katika mji wa Waco, Texas, nchini Marekani, mchungaji aliyekuwa amesimama ndani ya maji ya ubatizo alinyoosha mkono kuisogeza maikrofoni. Alipigwa na umeme mbele ya waumini wake na kufariki.

Umeme wa hapa nyumbani ni wa volti 230, takriban mara mbili ya ule wa majumbani kule Marekani.

Hatari nyingine imezoeleka mno hadi haionekani. Ni ile ya kuingiza kijiti cha kiberiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu lile ni la ethi. Pini yake ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi: inaingia kwanza, na ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Mtoto anayemwona baba akifanya hivyo sebuleni atafanya hivyo kanisani.

Mjomba na jaribio la chaja

Kijana alikuwa ameshatafuta bisibisi. Kilichomwokoa ni kwamba ya nyumbani haikuonekana, akaenda kuazima kwa mjomba wake, ambaye ni fundi umeme.

“Shikamoo mjomba. Naomba bisibisi ya nyota.”

“Marahaba. Ya kufungulia nini?”

Kijana alieleza. Mjomba hakumpa bisibisi. Alivaa viatu, wakaenda wote kanisani.

Hakwenda kwenye miksa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akamwambia mpwa wake avae spika za masikioni na aanze kurekodi kanisa likiwa tupu. Mvumo ulikuwepo. Kisha mjomba akachomoa chaja ya kompyuta ukutani, kompyuta ikabaki inatumia betri.

Mvumo ulikatika kama mtu aliyezimiwa redio.

Sababu ni rahisi. Kompyuta inayotumia betri haina njia yake ya kwenda kwenye ethi. Duara limekatwa, na hakuna plagi iliyoguswa kwa bisibisi. Miksa inabaki na ethi yake, amplifaya inabaki na ya kwake. Kwa kanisa lenye kompyuta ambayo betri yake inadumu saa moja na zaidi, kazi inaishia hapo: chaji usiku wa Jumamosi, chomoa chaja mahubiri yanapoanza.

Betri ya kompyuta ile ilikuwa inadumu nusu saa tu. Mchungaji wao huhubiri dakika 40, na siku ya sikukuu huzidisha. Ikabidi waendelee kutafuta.

Hatua zilizofuata, moja baada ya nyingine

Mjomba alikuwa na kanuni moja: badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hatajua kipi kilisaidia, na wiki ijayo mvumo ukirudi ataanza upya.

Kwanza, waliihamisha kompyuta kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya miksa. Miksa na chaja zikachomekwa kwenye ekstensheni moja nzuri ya pini tatu, iliyochomekwa kwenye soketi moja. Ethi zikawa zinakutana hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye vifaa, si mwisho wa jengo. Kwa mfano wa matenki, yamewekwa sakafu moja. Mvumo ulipungua sana.

Hapa kuna tahadhari. Plagi ya kawaida ina fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani takriban wati 3,000. Miksa, kompyuta na amplifaya ya kanisa dogo kwa kawaida hazifiki huko. Lakini birika la umeme la chai ya wazee au pasi ya majoho isichomekwe kwenye ekstensheni hiyo.

Pili, waya mrefu wa sauti ulikunjwa na kuwekwa kabatini, ukawekwa mfupi usiozidi mita mbili. Waya mrefu na mwembamba ni kama antena. Ule wa mwanzo ulikuwa umelazwa sambamba na waya wa umeme wa feni kuanzia mbele hadi nyuma, ukikusanya mvumo njia nzima. Waya wa sauti na wa umeme zisilale pamoja. Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.

Tatu, kwa mabaki ya mvumo yaliyosalia, mjomba aliagiza kiboksi kidogo chenye transfoma za sauti ndani yake. Kinakaa katikati ya miksa na kompyuta. Sauti inaingia upande mmoja, inageuzwa kuwa nguvu ya sumaku, inatoka upande wa pili ikiwa sauti tena. Kati ya pande hizo hakuna chuma kinachogusana. Sauti inavuka, ethi haivuki. Viboksi vya aina hii vinauzwa hata kwenye maduka ya redio za magari, kwa sababu magari nayo yana tatizo hilo hilo la mvumo. Vya bei nafuu hupunguza kidogo besi ya muziki, lakini sauti ya mtu anayezungumza haidhuriki.

Baadhi ya viboksi hivyo vina swichi ya kukata ethi. Mzazi asishtuke. Swichi hiyo inakata ethi ya waya wa sauti tu. Ethi ya umeme kwenye plagi ya miksa inabaki palepale. Hiyo ndiyo tofauti kati ya dawa na sumu katika jambo hili: kata duara kwenye waya wa sauti, kamwe si kwenye waya wa umeme.

Makanisa yenye miksa kubwa yana njia nyingine, ya kutumia nyaya nene za pini tatu kama zile za maikrofoni. Ndani yake sauti husafiri kwa nyaya mbili zinazopingana. Uchafu unaoingia njiani huziingia zote mbili sawasawa, na kifaa cha mwisho huufuta kwa kutoa kimoja kwenye kingine. Ndiyo maana waya wa maikrofoni unaweza kutambaa mita 20 bila mvumo, wakati waya mwembamba wa redio hauwezi. Lakini ili faida hiyo ipatikane, kompyuta inahitaji kadi ya sauti ya nje yenye tundu la aina hiyo, inayochomekwa kwa USB.

Miksa zenye USB zake zenyewe hurahisisha kazi, ila si kinga kamili. Waya wa USB nao una ethi ndani yake, na duara linaweza kupita humo. Jaribio la kuchomoa chaja linafaa huko pia.

Tundu lisilo lake

Walipomaliza na mvumo, likaonekana tatizo la pili ambalo mvumo ulikuwa umelificha. Mchungaji alipopaza sauti, rekodi ilikwaruza kama karatasi inayochanwa.

Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu la sauti, lenye alama ya spika za masikioni zenye maikrofoni. Tundu hilo linategemea sauti ndogo sana ya maikrofoni ya simu. Miksa inatoa sauti kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi. Ni kama kufungulia bomba la mtaa kwenye kikombe cha chai. Hapo ama sauti ya miksa ishushwe sana, ama itumike kadi ya nje yenye tundu la kupokea sauti kubwa. Kompyuta za mezani huwa na matundu matatu ya rangi nyuma yake. La kupokea sauti ya miksa ni la bluu hafifu, la maikrofoni ni la waridi, na la kijani ni la kutolea sauti.

Liko kosa jingine linalowapata wengi bila kujua. Waya umechomekwa, mistari ya kijani inacheza kwenye skrini, lakini kompyuta inarekodi kwa maikrofoni yake ndogo ya ndani. Matokeo yake ni sauti ya mbali, mwangwi wa kanisa na mlio wa feni ya kompyuta. Namna ya kugundua ni nyepesi: wakati wa kurekodi, gonga ukucha karibu na skrini. Mgongo huo ukisikika kwenye rekodi, kompyuta inasikiliza kwa sikio lake, wala haisikilizi miksa.

Si kila mlio ni mvumo

Kabla ya kulaumu ethi, sikiliza mlio wenyewe.

Mlio wa “shhhh” kama mvua ya mbali si wa umeme. Aghalabu unatokana na sauti iliyopandishwa mno kwenye kompyuta wakati ile ya miksa imeshushwa. Weka miksa sawasawa kwanza, ndipo upandishe kompyuta.

Mlio mkali wa “zzzz” kama nyuki mara nyingi hutoka kwenye taa zenye swichi ya kupunguza mwanga, rigureta za feni au chaja hafifu za simu zilizochomekwa jirani. Zima kimoja kimoja, sikiliza.

Mlio wa “tatata-tatata-tata” unaokuja na kupotea ni simu. Iko mfukoni mwa mhubiri au juu ya miksa, inazungumza na mnara. Iwekwe mbali au izimiwe mtandao.

Na umeme ukikatika kanisa likawasha jenereta, mvumo unaweza kubadilika au kuongezeka. Jenereta nyingi ndogo huwekwa nje bila kuunganishwa na ethi ya jengo. Hilo ni suala la fundi mwenye leseni ya EWURA. Kijana wa mitambo asiachiwe.

Mahubiri yaliyokwisha kurekodiwa

Zilikuwepo rekodi za wiki sita zenye mvumo, na mojawapo ilikuwa ya ibada ya mazishi ya jirani. Ile haiwezi kurudiwa.

Kwa kazi hiyo ipo programu ya bure ya Audacity. Kijana alichagua sekunde chache za mwanzo, kabla mtu hajasema neno, ambapo ulisikika mvumo mtupu. Programu ikajifunza sura ya mvumo huo, kisha ikaupunguza kwenye rekodi nzima. Tangu hapo amejizoeza kuacha sekunde 10 za ukimya kila anapoanza kurekodi. Sekunde hizo ni akiba ya siku ya shida.

Njia ya pili ni kukata mitetemo yote iliyo chini ya 80 kwa sekunde. Sauti ya mwanaume anayezungumza kwa kawaida haishuki chini ya hapo, na ya mwanamke iko juu zaidi. Mvumo wa 50 unaondoka, mchungaji anabaki. Anayefuata maelekezo yaliyorekodiwa Marekani awe mwangalifu: huko umeme hugeuka mara 60 kwa sekunde, hivyo ataambiwa akate 60. Hapa kwetu ni 50.

Usafishaji huu una mpaka wake. Ukizidishwa, mchungaji anaanza kusikika kama anayezungumza ndani ya pipa la maji. Ni heri mvumo kidogo na maneno yanayoeleweka. Dawa ya kweli hubaki ile ya kwenye nyaya.

Mwisho, fikiria bando la anayepokea. Mahubiri ya dakika 40 yakihifadhiwa bila kubanwa, hata kwa sauti ya upande mmoja, yanazidi MB 200. Yakibanwa kuwa MP3 ya kiwango cha 64, yanakuwa chini ya MB 20, na kwa sauti ya mtu anayezungumza sikio halitaona tofauti kubwa.

Mzazi anahusika vipi

Katika makanisa mengi wanaoshika mitambo ni watoto wa watu. Wana miaka 15, 17, 20. Wamejifunza kwa kuangalia, na ushauri wanaupata kwa wenzao na kwenye simu. Jumapili wanakaa kwenye kona yenye nyaya nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya jengo, na wazazi wao wako viti vya mbele, wamewapa mgongo.

Mzazi hahitaji kujua miksa. Siku moja baada ya ibada, apite kwenye meza ile na kuangalia mambo manne. Je, kila plagi ya pini tatu ina pini zote tatu? Kuna kijiti kwenye soketi yoyote? Kuna waya uliochubuka na kufungwa kwa nailoni? Na je, kuna mtu yeyote aliyehisi kutekenywa midomoni au vidoleni anapogusa maikrofoni?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Vijana hulichekea na kusema “maiki ina shoti kidogo”. Ikisemwa hivyo, mtambo uzimwe na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Hakuna shoti kidogo.

Na kwa wiki ambayo kila kitu kimegoma, iko njia isiyohitaji waya hata mmoja. Weka simu kwenye mimbari, izimiwe mtandao, ianze kurekodi. Inatumia betri yake, haikuunganishwa na chochote, na mvumo wa ethi hauna pa kuingilia. Sauti haitakuwa ya redio, lakini kila neno litasikika.

Jumapili iliyofuata

Kijana alifika kanisani saa moja asubuhi. Alirekodi dakika moja ya kanisa tupu, akasikiliza, akaridhika. Plagi ya miksa ilikuwa na pini zake tatu na nyaya zake tatu. Mzee wa kanisa, ambaye wiki iliyopita alimkemea, alisimama nyuma yake kidogo, akaguna na kwenda kukaa.

Mchana bibi alipelekewa simu. Alisikiliza dakika mbili, tano, kumi. Alimsikia mchungaji. Alimsikia na mama mmoja wa safu ya mbele akikohoa, akamtaja kwa jina bila kusita. Rekodi ilipofika wimbo wa mwisho alianza kuimba naye, amelala chali, macho juu ya dari.

Mjukuu alisubiri mlangoni hadi wimbo ulipokwisha.

“Mke wangu, leo vipi?”

“Mashine ya kusaga imezimwa,” bibi alijibu, akimrudishia simu. “Sasa mwambie mchungaji wenu afupishe mahubiri.”